Sura Nzuri, Uzao Mgonjwa: Somo kutoka kwa mbwa wanaofanana na mbwa mwitu



Ndugu wanakamati wa parokia na marafiki wafadhili, somo la robo hii limetokana na kalenda. Parokia rafiki ya Uholanzi ilituletea kalenda ya ukutani, na kwenye picha ya mwezi Februari alionekana mzee mmoja aliyewahi kututembelea, amesimama kwenye theluji pamoja na mbwa wake. Tulipokuwa tukisubiri akidi ya kikao itimie, katibu aliitazama picha ile kwa muda, kisha akaniuliza, "Bwana mifugo, hivi huyu mzee anafuga mbwa mwitu?"

Nilimwandikia mzee yule. Alijibu kwamba si mbwa mwitu, ni mbwa wa aina iitwayo Saarloos, na kwamba nchini mwake watu wanabishana kama mbwa wa namna hiyo waendelee kuzalishwa au la, kwa sababu ya maradhi yaliyojificha nyuma ya sura yao. Mwisho wa barua aliuliza: "Na ninyi, mabeberu wenu mnawachaguaje?" Swali hilo nimeona nilijibu hapa, mbele ya wote, lakini kwanza tuwatazame mbwa wenyewe.

Mbwa mwitu yupi?

Tuelewane kuhusu jina. Mbwa mwitu wa mbuga zetu, yule mwenye mabaka na masikio ya mviringo, hazaliani na mbwa wa nyumbani. Anayetajwa katika Biblia akivamia kondoo ni mwingine: ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Huyo ni ndugu wa karibu sana wa mbwa wetu wa nyumbani. Wakipandishwa huzaa, na watoto wao nao huzaa. Ndiyo maana watu wa kule waliweza kufanya jambo ambalo huku lisingewezekana.

Katika miaka ya 1930 Mholanzi aitwaye Leendert Saarloos alimpandisha jike la mbwa mwitu na dume la mbwa mchungaji wa Kijerumani, yule tunayemwita kwa kawaida mbwa wa polisi. Aliamini kwamba mbwa wa siku zake wamedhoofishwa na ufugaji, na kwamba damu ya porini ingewarudishia nguvu. Alipata mbwa wazuri wa kutazama, lakini waoga na wenye kujitenga, wasiofaa sana kwa kazi aliyoitarajia. Alifariki mwaka 1969, na mwaka 1975 chama cha mbwa cha Uholanzi kiliitambua aina hiyo rasmi na kuipa jina lake.

Huko Chekoslovakia walifanya vivyo hivyo kuanzia mwaka 1955, wakilenga kwanza utafiti na baadaye mbwa wa kulinda mipaka. Watoto wa kwanza walizaliwa mwaka 1958, mama yao mbwa mwitu aitwaye Brita.

Uingereza njia ilikuwa nyingine. Kuanzia miaka ya 1980 wafugaji walichanganya haski, malamuti na mbwa wa polisi ili wapate mbwa mwenye sura ya mbwa mwitu lakini tabia ya nyumbani. Mmojawapo huitwa Northern Inuit. Mbwa wa aina hiyo walionekana katika tamthilia ya Game of Thrones iliyoanza kurushwa mwaka 2011, na baada ya hapo kila kijana alitaka wake. Wengi walinunua haski, wakashindwa kumfuga mnyama anayehitaji kukimbia mbali kila siku, wakamtupa. Mwaka 2017 mmoja wa waigizaji wakuu, Peter Dinklage, alilazimika kuwaomba hadharani mashabiki waache kununua mbwa hao.

Kasoro inayojificha

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na naomba msomaji achukue maharage manne: mawili meupe, mawili mekundu. Kila mnyama hupokea urithi wake mara mbili, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Weka harage moja jeupe na moja jekundu katika kikombe cha baba, na vivyo hivyo katika kikombe cha mama. Jekundu ni kasoro. Wazazi wote wawili ni wazima kabisa, kwa sababu jeupe moja linatosha kuifunika kasoro. Sasa funga macho, chukua harage moja kutoka kila kikombe, rangi zake uziandike, uyarudishe, kisha urudie mara nyingi. Utaona kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne amepata mekundu mawili. Huyo ndiye mgonjwa. Wawili kati ya wanne watakuwa wazima lakini wamebeba kasoro, na kwa macho hutawatofautisha na yule wa nne aliye safi.

Katika kundi kubwa lenye wazazi wengi, jekundu kukutana na jekundu ni nadra. Ila uzao ukianzishwa na wanyama wachache, kisha mlango ukafungwa asiingie mgeni kwa sababu "ataharibu sura", baada ya vizazi kadhaa wote ni ndugu. Hapo mekundu yanakutana kila mara.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Saarloos. Watafiti wa chuo kikuu cha Utrecht walieleza mwaka 2011 chanzo cha ugonjwa wa udumavu katika mbwa wa polisi: kuna tezi ndogo chini ya ubongo ambayo haikui inavyotakiwa. Mtoto hubaki mdogo, manyoya ya utotoni humnyonyoka, na bila matibabu wengi hawaishi miaka mingi. Miaka michache baadaye kasoro ileile ilikutwa katika mbwa wa Saarloos na wale wa Chekoslovakia. Kati ya Saarloos wazima waliopimwa, karibu mmoja kati ya watatu alikuwa ameibeba. Kwa wale wa Chekoslovakia, karibu mmoja kati ya watano. Angalieni jambo hili: ugonjwa haukutoka kwa mbwa mwitu aliyedharauliwa kuwa mnyama wa porini. Ulitoka kwa mbwa wa nyumbani mwenye cheti.

Upo ugonjwa mwingine, wa uti wa mgongo, ambao kasoro yake ya urithi iligunduliwa mwaka 2009. Huanza mbwa akiwa mtu mzima, mara nyingi baada ya miaka minane. Miguu ya nyuma inaburuta, kisha inapooza, na dawa hakuna. Unapatikana kwa mbwa wa polisi, na pia kwa wale wa Chekoslovakia na Northern Inuit. Ubaya wake ni kwamba dalili zinapoonekana, dume huyo amekwisha kuzalisha watoto na wajukuu.

Ubishi wenyewe

Wanaowatetea mbwa hawa si watu wabaya, na hoja zao tuzisikilize. Wanasema kila aina ya mbwa ilitengenezwa na binadamu, na hata mbwa asiye na aina huugua. Wanasema vipimo vya damu na mate vipo siku hizi, kwa hiyo mfugaji mwaminifu anaweza kumpima dume na jike kabla ya kuwapandisha, na aliyebeba kasoro akipandishwa na aliye safi hatapatikana mtoto mgonjwa wa ugonjwa huo. Wanaongeza hoja ambayo mimi naiona nzito: ukiwatupa nje wote waliobeba kasoro, theluthi nzima ya kundi dogo inaondoka, ndugu wanazidi kubanana, na kasoro nyingine usiyoijua inapata nafasi. Tena wanasema ni heri mtu anunue mbwa mwenye sura tu ya mbwa mwitu kuliko kununua chotara halisi.

Katika hilo la mwisho wana haki. Uingereza, chotara wa kizazi cha kwanza na cha pili huhitaji leseni kama mnyama hatari. Marekani hakuna chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoidhinishwa rasmi kwa chotara hao, na sisi tunaoishi na ugonjwa huo hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Wanaopinga wanauliza: kipimo kina faida gani kama lengo la kwanza bado ni macho ya njano na mkia ulionyooka? Wanalalamika pia juu ya usiri. Vikundi vya wafugaji vimegawanyika mara kwa mara, kila kimoja na daftari lake na jina lake jipya la mbwa, na baadhi ya wauzaji hawasemi ukweli kuhusu wazazi wa mnyama. Wengine humsifia kuwa ana damu ya mbwa mwitu ili bei ipande, wengine huficha ili wasidaiwe leseni. Bila nasaba ya kweli, daktari wa mifugo hana pa kuanzia.

Ubishi huu si wa mbwa hawa peke yao. Mwaka 2008 televisheni ya BBC ilionyesha filamu kuhusu magonjwa ya mbwa wenye vyeti, na mwaka 2009 chama kikuu cha mbwa cha Uingereza kikaacha kuandikisha watoto wa baba na binti, mama na mwana, au kaka na dada. Fikirini: hadi mwaka huo lilikuwa jambo lililoruhusiwa. Norwe walikwenda mbali zaidi. Kesi iliyofunguliwa na chama cha kutetea wanyama ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 2023 ikaamuliwa kwamba kuendelea kuzalisha mbwa mdogo aitwaye Cavalier ndani ya ukoo wake wenyewe ni kinyume cha sheria, ingawa mlango wa kumchanganya na aina nyingine uliachwa wazi. Katika Uholanzi chama kimoja cha wafugaji wa Saarloos nacho kimeingiza damu ya nje. Mbwa wanaozaliwa hawafanani sana na picha ya kalenda, na wapo waliokasirika.

Kanisa linafundisha nini

Katekisimu, namba 2418, inasema mambo mawili kwa pamoja, na watu hupenda kusoma moja tu. La kwanza, kumtesa mnyama bila sababu kunaivunjia heshima hadhi ya binadamu mwenyewe. La pili, haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuwaondolea watu taabu. Mithali 12:10 nayo inamhesabu mtu kuwa mwenye haki kwa namna anavyojali uhai wa mnyama wake. Haisemi sura yake.

Ndugu mmoja atasema Yakobo naye alichagua wanyama kwa rangi, wenye mabaka na milia, katika Mwanzo 30. Ni kweli. Lakini soma vizuri: alipandisha waliokuwa na nguvu, wadhaifu akawaacha kwa Labani. Rangi ilikuwa alama ya mkataba wa mshahara. Afya hakuisahau, hata kama mjomba wake alikuwa na lake la kusema.

Sasa jibu la mzee

Mzee wetu, mabeberu wetu tuliwachagua vibaya. Katika kigango kimoja tulipeleka beberu wa maziwa miaka mitano iliyopita chini ya mpango wa kopa mbuzi, lipa mbuzi. Alikuwa mweupe, mrefu, mwenye ndevu ndefu. Kila mgeni alipenda kupigwa picha naye, na jarida hili lilimtoa ukurasa wa mbele. Utaratibu unataka beberu ahamishwe kila baada ya mwaka mmoja na nusu, kabla binti zake hawajafikia kupandwa. Hatukumhamisha. Nilikuwa mimi mwenye daftari, na nilisikia haya kuwanyang'anya watu beberu waliyemwonea fahari.

Akawapanda binti zake, kisha wajukuu. Anayezaliwa na baba na binti ana nafasi moja kati ya nne, kwa kila urithi, ya kupata nakala mbili za kitu kilekile. Mwaka jana wana-mbuzi watatu walizaliwa taya ya chini imepita ya juu. Hawakuweza kunyonya, wakafa. Mama mmoja mjane, ambaye mbuzi huyo ndiye ada ya shule ya mwanawe, alidhani amerogwa. Nilikwenda kwake na maharage yangu manne. Alitazama kwa makini, kisha akasema, "Kumbe mlijua."

Kikao kijacho kitaamua juu ya beberu yule. Kumhamishia kigango kingine ni kupeleka harage jekundu kwa watu wasiojua, ijapokuwa kwa majike wasio ndugu zake watoto wengi watakuwa wazima. Kumhasi au kumchinja ni kupoteza mnyama aliyenunuliwa kwa sadaka ya watu. Mfadhili aliyemnunua ameandikiwa na kuelezwa yote.

Maswali ya kujadili katika kamati na jumuiya ndogo ndogo

Je, daftari la nasaba la mbuzi katika kigango chenu linaonyesha baba wa kila mtoto? Kama halionyeshi, nani ataanza kuliandika, na lini?

Beberu wenu amekaa miezi mingapi? Binti yake mkubwa ana umri gani?

Kwa wafadhili: mnapoomba picha ya mnyama mliyemtoa, mko tayari kupokea badala yake ukurasa wa daftari?

Yule mama mjane analipwa nini, na kutoka mfuko gani?