Mwanga Unaozimika: Istilahi za Kihisi cha Vilipuzi na Barabara ya Garsen

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kueleza polima zitoazo mwanga zinapotumiwa kugundua vilipuzi. Huenda mada ikaonekana kuwa ya wanakemia, si yetu. Hata hivyo, msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu hupita Minjila, karibu na Garsen, katika Kaunti ya Tana River, kisha huelekea Gamba na Witu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi ya njia hiyo yalisafiri kwa misafara iliyolindwa na polisi; na katika miaka iliyofuata, mabomu yaliyotegwa barabarani yaliwaua askari katika Kaunti ya Lamu. Iwapo kihisi kitapitishwa juu ya mzigo wa msafiri huyo, anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa kinachofanyika.

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vilivyoungana kama shanga katika uzi. Mwaka 1998, Jye-Shane Yang na Timothy Swager wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba utando mwembamba wa polima maalumu, ambao hung'aa ukimulikwa kwa miale ya urujuanimno, hufifia ukiguswa na mvuke wa TNT. Molekuli ya TNT ina vikundi vitatu vya nitro vinavyovuta elektroni. Nishati iliyopokewa na polima husafiri kama mgeni abishaye hodi nyumba hadi nyumba. TNT ikiwa imeketi katika mlango mmoja tu, mgeni hunaswa hapo, na mtaa mzima huwa giza. Ndiyo maana chembe chache mno hutosha kutambuliwa.

Je, tuiite "polima ing'aayo"? Sikubaliani. Sufuria iliyosuguliwa nayo hung'aa, lakini hiyo huakisi tu mwanga uliokuja. Polima hii humeza mwanga, kisha hutoa mwanga wake yenyewe wenye rangi nyingine. Napendekeza "polima toanuru", kwa muundo wa kitenzi na nomino tuliouzoea katika "chemshabongo". Kwa kitendo cha TNT, hatuna haja ya kukopa: "kuzima" kunatosha, na kila aliyewahi kuzima koroboi anakuelewa. Kifaa kizima kingeweza kuitwa "kinusabaruti", kwa kufuata "kinasasauti", ingawa wanakemia watalalamika kwamba TNT si baruti. Neno "kunusa" halitashangaza Afrika Mashariki: panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO huko Morogoro hunusa TNT iliyofukiwa ardhini, na Magawa, mmoja wao, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Suala zito zaidi ni la kisarufi. Polima hizi hutambua vyema TNT na jamaa zake. Vilipuzi vya kienyeji vilivyotengenezwa kwa mbolea ya amonia naitreti havina umbo hilo la kikemia, na vinaweza kupita bila kuuzima mwanga. Kwa hiyo askari akitangaza "hakuna bomu", amekanusha kuwepo kwa kitu ambacho kifaa hakikukipima. Anachoweza kusema kwa haki ni "mwanga haujazimika". Kiambishi -ja- huacha mlango wazi: haujazimika hadi sasa, kwa mzigo huu, kwa TNT. Mwongozo wa matumizi utakaoandikwa kwa Kiswahili uikatae "hakuna" hata pale ambapo abiria, wakiwa wamechoka juani, wangependa kuisikia.