Kufunga Kreti Nyuma ya Pikipiki
Wengi hulifunga kreti la soda kwenye keria ya pikipiki kwa mpira wa tyubu tu. Mpira hunyumbuka; penye kona kreti huyumba, na pikipiki nayo huyumba. Mimi hutumia bolti nne zipitazo katika sakafu ya kreti, kati ya vyuma vya keria, hadi vipande viwili vya chuma bapa chini yake. Juu hutia washa pana, plastiki isipasuke. Nati zenye masikio hufunguliwa kwa vidole, lakini mtikisiko huzilegeza. Huzikaza kila asubuhi. Kubwa zaidi ni mahali pa kreti. Na lisogezwe mbele hata likaribie kiti. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi, na mlimani usukani hautii mkono.