Je, Ni Halali Kumtesa Mshukiwa Ili Aseme Kweli?

Msomaji wetu mmoja wa Bunda, baba wa watoto na mwenye ng'ombe, ametuletea swali lisilofaa kujibiwa kwa haraka. Auliza hivi: akikamatwa mwizi wa mifugo, au mtu anayeshukiwa kuwa gaidi, naye akakataa kusema wenzake walipo, je, ni dhambi kumpiga mpaka aseme? Maumivu ya mtu mmoja si afadhali kuliko vifo vya watu wengi? Twajua kwamba swali hili laulizwa Musoma mjini, laulizwa vijijini, na pengine laulizwa hata na askari mwenyewe moyoni mwake. Yatupasa kulijibu kwa utaratibu.

Kwanza tukubaliane juu ya jambo lisilo na ubishi. Serikali ina haki na wajibu wa kuwalinda raia. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam watu 11. Kuwatafuta wauaji wa namna hiyo, kuwakamata, kuwahoji, kuwashitaki na kuwafunga, hayo yote ni halali, tena ni wajibu. Swali letu si kama mshukiwa ahojiwe au asihojiwe. Swali ni kwa njia gani ahojiwe.

Pili, tujiulize mshukiwa ni nani. Ni mtu anayedhaniwa; bado hajahukumiwa. Anayempiga humwadhibu kabla ya hukumu, na pengine humwadhibu asiye na kosa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 22, twasoma kwamba jemadari wa Kirumi aliagiza Paulo ahojiwe kwa kupigwa mijeledi, ili ijulikane kwa nini watu walimpigia kelele. Paulo akauliza kama ni halali kumpiga hivyo Mrumi ambaye hajahukumiwa. Jemadari akaingiwa na hofu. Siku zile kinga hiyo ilikuwa ya raia wa Rumi tu. Lakini sisi twakiri kwamba kila mtu, hata mwovu, ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi kinga ile ni ya wote.

Hapa sisi Wakatoliki hatuna haki ya kujivuna. Mwaka 866 Papa Nikolao wa Kwanza aliwaandikia Wabulgaria kuwakataza kuwatesa washukiwa, akisema ungamo la kosa sharti litoke kwa hiari. Walakini mwaka 1252 Papa Inosenti wa Nne aliruhusu wazushi wateswe ili waungame. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2297 na 2298, yakataza utesaji wa mwili au wa roho kwa ajili ya kupata ungamo, tena yakiri wazi kwamba zamani hata wachungaji wa Kanisa waliukubali katika mahakama zao. Kosa lililokiriwa hivyo lisirudiwe na mwana wa Kanisa.

Tatu, wako wasemao: lakini mateso huleta kweli. La, mateso huleta maneno. Mtu anayeumizwa husema lolote litakalomwondolea maumivu. Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyehojiwa kwa mateso huko Misri mwaka 2002, alisema kwamba Iraki iliwafundisha watu wa al-Qaeda. Maneno hayo yalitumiwa kuitetea vita ya mwaka 2003. Baadaye aliyakana, nao Wamarekani wenyewe wakayaondoa katika taarifa zao.

Na hata kweli ikipatikana kwa njia hiyo, huharibika. Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani alishitakiwa New York mwaka 2010 kwa ajili ya mabomu yale ya 1998. Kabla ya hapo alikuwa ameshikwa katika vifungo vya siri vya shirika la ujasusi la Marekani. Hakimu alimkataa shahidi mkubwa wa serikali, kwa sababu alijulikana kutokana na maneno ambayo Ghailani alitolewa kwa nguvu. Katika mashitaka zaidi ya 280, alipatikana na hatia katika moja tu. Hilo moja lilitosha kumfunga maisha. Lakini jamaa za wafu walistahili kuona ushahidi wote ukisimama mahakamani bila doa.

Wala tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1976, katika mikoa jirani ya Mwanza na Shinyanga, watu waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Serikali ikaagiza wauaji watafutwe, na agizo hilo lilikuwa jema. Lakini katika kuwahoji washukiwa, askari na watu wa usalama waliwatesa, na baadhi yao wakafa. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ndiye aliyekuwa Rais. Mapema mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na Rais akakubali. Mwinyi hakumpiga mtu, wala hakuamuru mtu apigwe. Lakini waliofanya hayo walikuwa chini ya wizara yake. Wakuu wa mikoa hiyo miwili nao waliacha kazi, na maafisa kadhaa wakahukumiwa kifungo. Hatusemi kwamba utawala ule haukuwa na doa. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Lakini somo la mwaka 1977 lafaa kukumbukwa: hatia ya mateso haiishii kwa askari aliyeshika fimbo.

Yabaki swali gumu: je, kama bomu limekwisha tegwa? Mfano huu wachukulia kwamba twajua yote: kwamba bomu lipo, kwamba huyu ndiye mwenyewe, na kwamba atasema kweli. Aghalabu hatujui hata moja la hayo. Tena Mtume Paulo, katika waraka kwa Warumi, alikataa fundisho la kutenda mabaya ili mema yapatikane. Hatudai kwamba njia hii haina gharama. Yawezekana siri isijulikane, na mwovu aponyoke. Lakini taifa likisharuhusu utesaji kwa gaidi, litauruhusu kwa mwizi wa ng'ombe, kisha kwa jirani aliyesingiziwa.

Basi jibu letu kwa msomaji wa Bunda ni hili: ni dhambi, tena ni kosa la sheria. Katiba yetu, ibara ya 13, yakataza kumtesa mtu. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yataka upande wa mashitaka uthibitishe kwamba maungamo yaliyotolewa mbele ya polisi yalitolewa kwa hiari. Aliyeibiwa aseme aliyoyaona, wala asiongeze. Sungusungu wakimshika mtu, wampeleke kituoni akiwa mzima. Askari akiagizwa kutesa, akatae, kwa maana amri ya mkubwa haimwondolei hatia.

Wazazi, jioni hii waulizeni watoto wenu: aliyekamatwa akiwa ndugu yetu, tungependa ahojiwe namna gani?