Kabla Hujaandika "Hakuna Damu Inayopita"

Katika ripoti ya altrasaundi ni sentensi chache zenye uzito kama hii: "Hakuna mtiririko wa damu." Ikiandikwa kuhusu korodani ya kijana wa miaka 14, kijana huyo anapelekwa chumba cha upasuaji. Ikiandikwa kuhusu uvimbe wa kinena, kuna daktari atakayeshika kisu aupasue akidhani ni jipu. Kwa hiyo kila rangi isipotokea kwenye skrini, mpimaji ajiulize kwanza: damu haipo kweli, au mashine haijawekwa sawa ili iione? Mimi huanza kushuku mashine, na ninawasihi wanaojifunza kazi hii wafanye vivyo hivyo.

Sababu iko katika namna Dopla inavyofanya kazi. Probu inatuma mawimbi ya sauti, chembe za damu zinazosogea zinayarudisha, na mashine inasoma jinsi masafa ya mawimbi yaliyorudi yalivyobadilika. Kanuni hiyo aliieleza Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria, mjini Prague mwaka 1842, akizungumzia mwanga wa nyota. Badiliko la masafa linategemea kasi ya damu, na pia pembe kati ya wimbi na mshipa. Mshipa ukilala sambamba na ngozi na wewe ukasimamisha probu wima juu yake, pembe ni nyuzi 90, na badiliko linakaribia sifuri. Damu inaweza kuwa inakimbia, na skrini ikabaki nyeusi. Mishipa mingi ya shingo na miguu "huziba" kwa namna hii.

Dawa yake ni mkono. Kandamiza kidogo ncha moja ya probu ili mshipa uonekane umeinama kwenye picha, au elekeza kisanduku cha rangi upande. Unapopima kasi, usivuke nyuzi 60. Kwenye nyuzi 60, ukikosea pembe kwa nyuzi 5 kwenda juu, kasi unayosoma inazidi kwa takriban asilimia 18. Kosa hilohilo kwenye nyuzi 30 linaleta ziada ya asilimia 6 tu. Makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2003 yaliweka sentimita 125 kwa sekunde kuwa mpaka wa kushuku kwamba ateri kuu ya ndani ya shingo imebanwa kwa nusu au zaidi. Hebu fikiria mgonjwa mwenye 110 anayesomwa 130 kwa sababu ya mstari wa pembe uliowekwa haraka.

Baada ya pembe, nenda kwenye skeli, yaani kiwango cha kasi kinachosomeka kwenye ufito wa rangi pembeni mwa picha. Kwa ateri ya shingo, sentimita 30 hivi kwa sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukibaki na kiwango hicho unapohamia kwenye tezi ya shingo, korodani au uvimbe wa titi, damu ya polepole haitaonekana kabisa. Shuka hadi 5, kisha 3 ikibidi. Punguza pia chujio, kwa sababu kazi yake ni kuondoa mienendo ya polepole, na damu ya mishipa midogo huondolewa pamoja nayo. Kisha pandisha geini mpaka chembechembe za rangi zitapakae kila mahali, halafu irudishe taratibu mpaka zitoweke pale pasipo na mshipa. Acha hapo. Kisanduku cha rangi kiwe kidogo, kitoshee eneo unalolitafuta tu. Usikimbilie kuongeza nguvu ya mawimbi yanayoingia mwilini wakati geini ingetosha, na kwa mjamzito wa miezi ya mwanzo jihadhari zaidi: mapigo ya moyo wa mimba changa yapimwe bila Dopla, kwa njia ya mchoro wa mwendo.

Mkono mzito nao huficha damu. Uvimbe ulio karibu na ngozi ukikandamizwa, mishipa yake midogo hufungika. Weka jeli nyingi kiasi kwamba probu inaelea.

Ikiwa bado huoni kitu, tumia pawa Dopla. Haikuambii damu inaelekea wapi, lakini inaiona damu ya polepole vizuri zaidi na pembe haiisumbui sana. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kikitikisika kinapata rangi: pumzi, mapigo ya moyo, mtoto anayelia. Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Bila kugusa kitufe chochote, sogeza probu kwenye sehemu yenye afya ya mgonjwa huyohuyo, kwenye kina kilekile. Damu ikionekana huko, weusi wa mwanzo unaanza kuwa na maana. Isipoonekana, hujapima kitu bado.

Kwenye korodani hatua hiyo ndiyo kipimo chenyewe. Anza na upande usiouma. Rekebisha mashine hapo mpaka uone damu ndani ya nyama ya korodani, kisha hamia upande unaouma ukiwa na mpangilio uleule. Damu inayozunguka juu ya ganda haihesabiki. Tafuta ya ndani. Fuata pia kamba ya korodani kutoka juu, kwa maana fundo la mishipa iliyojisokota mara nyingine huonekana kabla damu haijakatika. Hapa pana mtego wa upande wa pili: korodani iliyojisokota nusu inaweza bado kuonyesha damu, kwani vena hubanwa kabla ya ateri. Kama maumivu yalianza ghafla na korodani imepanda juu, rangi mbili tatu kwenye skrini zisimzuie daktari wa upasuaji. Nafasi ya kuiokoa ni kubwa ndani ya saa 6 za mwanzo, na hupungua haraka baada ya hapo. Kurudia picha kwa nusu saa ili ripoti ipendeze ni kumdhulumu kijana.

Kinenani hatari imegeuka. Uvimbe wenye maji, wenye joto, kwa mtu aliyechomwa sindano au kujeruhiwa eneo hilo, unafanana sana na jipu. Uwekee rangi kabla mtu yeyote hajaugusa kwa sindano au kisu. Ukiona nusu nyekundu na nusu ya bluu zikizunguka ndani yake, na kwenye shingo yake mawimbi yanayoingia na kutoka kwa kila pigo la moyo, huo ni mfuko wa damu uliotoka kwenye ateri iliyotoboka. Usimwache mgonjwa aondoke na karatasi mkononi. Mpigie daktari.

Kwa vena ya potali, ambayo tunaiangalia sana kwa wagonjwa wa kichocho cha tumbo kandokando ya Ziwa Victoria, kosa la kawaida ni kutangaza bonge la damu wakati probu imesimama nyuzi 90 chini ya mbavu. Hamia katikati ya mbavu upande wa kulia, shusha skeli hadi 20 au chini, mwambie mgonjwa azuie pumzi kidogo. Kisha soma ufito wa rangi kabla ya kusema damu inaingia kwenye ini au inarudi nyuma, maana nyekundu si ateri wala bluu si vena, na kitufe kimoja kinazibadilisha. Rangi ikigeuka kupitia njano na bluu-mpauko, ni kasi iliyozidi skeli. Damu inayogeuka kweli hupitia weusi.

Mguu uliovimba unahitaji mkono kuliko rangi. Bana vena kwa probu kila sentimita mbili hivi kutoka kinenani hadi nyuma ya goti. Isiyofungika kabisa ina bonge ndani. Dopla inafuata baadaye, kusaidia pale mkono usipofika.

Kuhusu uvimbe wenyewe, sikubaliani na wanaosoma saratani kwenye rangi. Uvimbe wa tezi ya shingo wenye mishipa mingi unaweza kuwa salama, na uvimbe wa mishipa ndani ya ini, ambao kwa kweli ni damu tupu, mara nyingi hauonyeshi rangi yoyote kwa sababu damu yake inatambaa. Umbo, kingo na chembe za chokaa zisomwe kwanza.

Katika ripoti, badala ya "hakuna mtiririko", andika ulichokifanya: skeli ilikuwa sentimita 3 kwa sekunde, pawa Dopla ilitumika, upande wa pili ulionyesha damu kwa mpangilio uleule. Hifadhi picha za pande zote mbili ndani ya fremu moja, ufito wa rangi ukiwa unasomeka.