Meli Zilizozama Si za Watalii Peke Yao

Wadogo zangu wa mtaa wa Makina, Nairobi, mnaniuliza kama mtu aliyelelewa huku juu anaweza kwenda kupiga mbizi kwenye meli zilizozama. Anaweza, na ningependa sana aende, maana historia iliyolala kule chini ni yake.

Kwanza jifunze kuogelea hapa hapa Nairobi. Kozi ya kuzamia itakudai uogelee mita 200 na kuelea dakika 10. Mwenye pumu amwone daktari kabla hajalipa chochote, wala asimfiche.

Ya kuanzia ni Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo. Mwaka 2002 ilizamishwa makusudi upande wa Bamburi, Mombasa, na siku hizi samaki ndio wenyeji wake. Imelala kwenye kina cha mita 30 hivi, ilhali cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18 tu, kwa hivyo utahitaji cha pili. Na kuingia ndani ya vyumba vyake ni somo jingine kabisa: tope likitimka huoni hata mkono wako, na ukitaka kupanda, juu yako kuna chuma.

Wanaotamani kutafuta meli zisizojulikana, anzeni kwa wavuvi. Salimia wazee, keti nao, uliza ni wapi nyavu hunasa kila mara na wapi samaki hujaa katikati ya mchanga mtupu. Nenda wakati wa kaskazi; kusi ikivuma maji huchafuka.

Ukikuta chungu au ubao wa kale, acha kitu hicho pale kilipo, kisha uwaarifu watu wa Makavazi ya Kitaifa. Kwa mfano, Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno, ilizama mwaka 1697 mbele ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Kati ya 1977 na 1980 wataalamu waliichimba, wakapima na kuchora kila kitu pale kilipolala. Ndiyo sababu vyombo vyake vinatueleza maisha ya mabaharia wale, na unaweza kuviona ngomeni bila kulowa. Aliyepungukiwa na pesa za kozi aanzie hapo.

Sasa hili nawasihi mlishike. Ukiwa chini, gesi ya naitrojeni huingia mwilini, nayo hutaka muda itoke polepole. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukipanda mapema, presha ya hewa hupungua na gesi ile inaweza kugeuka mapovu ndani ya damu na viungo. Watu huogopa ndege, wakasahau kwamba basi na treni ya SGR pia hupanda. Kwa ndege, wazamiaji hungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na 18 baada ya mbizi kadhaa. Kwa safari ya kurudi kwetu, mimi nakwambia ngoja siku nzima. Zamia Ijumaa na Jumamosi asubuhi, Jumapili tembea Mji wa Kale, ndipo ushike basi la usiku.

Ukihisi ganzi, kizunguzungu au maungo kuuma, hata kama umeshafika Makina, usingoje kukuche. Nenda hospitali, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ulizamia, lini, na kina gani.