Ujue Msumeno wa Upinde

Wageni wengi hupita hapa kwetu Shimoni wakienda kutazama pomboo katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Wengine hupenda kurudi makwao na kumbukumbu. Mjomba wangu ni seremala, nami Jumamosi humsaidia kukata pomboo wadogo wa mbao. Pesa hizo ndizo zinazoninunulia madaftari. Bleidi ikikatika ovyo, daftari limekwenda! Ndiyo maana nawaletea somo hili.

Msumeno wa upinde una fremu ya chuma, mpini, na bleidi nyembamba ya kama inchi sita na nusu. Wembamba huo ndio unaoiwezesha kuzunguka kona za mkia na mapezi.

1. Kuchagua
Hesabu meno katika inchi moja ya bleidi. Meno machache hukata upesi lakini huacha ubao na makovu. Meno mengi hukata polepole na kwa usafi. Kanuni ni hii: unene wa ubao uguswe na meno yasiyopungua matatu kwa wakati mmoja. Hebu tupige hesabu. Bleidi ya meno 15 kwa inchi, ubao wa robo inchi: meno matatu na zaidi, yafaa. Ubao wa thumuni ya inchi: hayafiki hata mawili, utachanika. Hapo tafuta bleidi ya meno 24.

2. Kufunga
Legeza mpini, bana fremu kidogo, kisha tia ncha za bleidi katika vishikio vyake. Meno yaelekee kwenye mpini, ili msumeno ukate unapouvuta. Kwa nini? Kitu chembamba ukikivuta hunyooka, ukikisukuma hupinda, na kikipinda hukatika. Kaza mpini, kisha igonge bleidi kwa ukucha. Ikilia kama uzi wa gambusi, iko sawa. Ikinyamaza, bado imelegea. Kwa msumeno wa mashine, meno hutazama chini, ili ubao ukandamizwe mezani.

Ukitaka kukata tundu katikati ya ubao, toboa kwanza kwa keekee, pitisha bleidi tunduni, ndipo uifunge kwenye fremu.

3. Kutunza
Adui wetu huku pwani ni hewa ya chumvi. Kazi ikiisha, futa vumbi na utomvu, paka mafuta ya cherehani, na uifunge bleidi katika karatasi kavu. Legeza mpini ili isilale imekazwa. Unapokata, tumia urefu wote wa bleidi, sio katikati tu, meno yapate kuisha kwa usawa. Na usilazimishe kona. Endelea kuvuta na kusukuma huku ukigeuza taratibu.

Msumeno mkubwa hunolewa kwa tupa. Meno ya bleidi hii ni madogo mno kwa tupa, basi ikiwa butu hubadilishwa. Wahenga walisema kinolewacho hupata. Nami naongeza: kisichonoleka hutunzwa.

Msamiati na ngeli
Msumeno – misumeno (U-I). Upinde – pinde (U-ZI). Jino – meno (LI-YA). Keekee – keekee (I-ZI).

Zoezi
Ubao una unene wa nusu inchi, na bleidi ina meno 10 kwa inchi. Je, yafaa? Toa sababu.