MTABIRI WA MPIRA ANAYEOMBA PESA

Siku hizi simu zimefika vijijini mwetu, kutoka Haydom mpaka Katesh. Zinatusaidia kutuma pesa na kuulizia bei ya mazao. Lakini matapeli nao wanazitumia. Leo tujifunze habari za wale wanaouza "mechi za uhakika" kwa watu wanaobeti.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Mbulu ameuza vitunguu saumu. Anapata ujumbe: "Jumamosi timu ya nyumbani itashinda." Kweli, inashinda. Wiki ya pili anaambiwa sare, na sare inatokea. Wiki ya tatu vilevile, ni sahihi. Wiki ya nne anaambiwa: "Tuma shilingi 20,000 tukupe mkeka wa uhakika." Pesa ile ni ya mbolea. Je, atume?

Asitume! Tufanye hesabu pamoja.

Mechi ina matokeo matatu: timu ya nyumbani ishinde, ya ugenini ishinde, au watoke sare. Tapeli anawatumia ujumbe watu 810. Watu 270 anawaambia nyumbani, 270 ugenini, na 270 sare. Mechi ikiisha, lazima watu 270 wawe wameambiwa sawa. Wengine anawaacha. Wale 270 anawagawa tena mafungu matatu, wanabaki 90. Wale 90 anawagawa tena, wanabaki 30.

Basi watu 30 wameona utabiri sahihi mara tatu. Kila mmoja akituma 20,000, tapeli anapata 600,000. Wala hajui lolote juu ya mpira! Mkulima wetu ni mmoja wa wale 30. Wale 780 walioambiwa uongo hawaoni.

Wengine watasema: "Lakini mechi za kupangwa zipo." Ni kweli, zimewahi kutokea. Mwaka 1980 huko Italia, timu za Milan na Lazio zilishushwa daraja kwa ajili hiyo. Lakini waliopanga walificha siri yao. Mwenye siri ya namna hiyo hawezi kumwuzia mtu asiyemjua kwa 20,000. Angebeti mwenyewe, kimya kimya.

Tukumbuke mambo haya:

1. Picha ya mkeka ulioshinda si ushahidi. Picha hutengenezwa.
2. Ukilipa mara moja, utaombwa tena. Usitume pesa kufuata pesa.
3. Ujumbe wa tapeli upeleke namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa taarifa za utapeli.
4. Ukitapeliwa, usione aibu. Mwambie jirani, naye apone.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tapeli hutoa utabiri wa kwanza bure?
2. Tapeli akianza na watu 2,430, watabaki wangapi baada ya mechi tatu?
3. Shilingi 20,000 zingefanya kazi gani nyumbani kwako?